Betri ya Kikundi Haifi kwa Uzee

Bwana Mwenyekiti, ndugu na dada wa vikundi vya Watamu, Gede na Mida,

Tumeombwa tuzungumze nanyi habari ya kuchaji betri. Vikundi vingi vyataka kuchaji simu na taa za wavuvi kwa nguvu ya jua, ili mfuko wa kikundi upate chochote. Wazo ni zuri. Lakini betri ndiyo inayokula pesa, na nyingi hazifi kwa uzee. Huuliwa na namna zinavyochajiwa.

Paneli tunayoiita ya volti 12, juani hutoa kama volti 18. Ukiiunga moja kwa moja na betri, itajaza mpaka ipite kiasi, kama mtungi ulioachwa chini ya bomba wazi. Betri ya tindikali huchemka, maji yake hukauka, na hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo kati ya paneli na betri lazima pawe na kontrola.

Kontrola nzuri huenda kwa hatua tatu. Kwanza, hupeleka umeme wote unaopatikana mpaka betri ifike karibu volti 14.4. Pili, huishikilia hapo huku umeme ukipungua polepole. Tatu, huishusha hadi 13.6 hivi, kulinda tu kilichojaa. Usiku huzuia umeme usirudi kwenye paneli. Na betri ikishuka sana hukata taa, maana betri ya tindikali ikiachwa tupu huharibika vilevile.

Sasa, taa ndogo za siku hizi nyingi zina betri ya lithiamu. Hiyo ina sheria yake. Kwa ile ya kawaida, mwisho wa kila seli ni volti 4.2, kwa ile ya fosfeti ya chuma ni 3.65. Ya kawaida ikizidishwa yaweza kuwaka moto. Kamwe msiichaji kwa chaja ya betri ya gari! Fundi akiwatengenezea taa, mwulizeni: "Hii ni betri gani, na ni kitu gani kinachokata ikijaa?" Akishindwa kujibu, pesa zikae mfukoni.

Kwa betri ya tindikali, tushike haya:

1. Unganisheni betri na kontrola kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza.
2. Fyuzi iwe karibu na ncha chanya ya betri.
3. Betri ikae kivulini penye hewa, mbali na jiko. Joto letu la pwani hufupisha maisha yake.
4. Chumvi ya bahari hula viungo vya waya. Visafisheni, vikazeni, mvipake grisi.
5. Ongezeni maji ya betri ya dukani, si ya kisima.

Mweka hazina akisema kontrola ni gharama, mwambieni alinganishe bei yake na ya betri mpya. Kisha kikundi kiamue pamoja.

Maswali sasa.