Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kuchagua Aina Itakayotunzika Mbeya na Iringa

Mada kwa madaktari, wauguzi na maofisa lishe wa kliniki za kisukari na presha, Nyanda za Juu Kusini

1. Utangulizi



Mgonjwa wa Mbeya au Iringa anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hukaa na daktari bingwa siku chache tu, kisha anarudi kwetu, na kwetu atakuwa maisha yake yote. Huduma yenyewe iko hasa Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia tawi lake la Mloganzila imewafanya Watanzania wengi waifahamu. Wenye uwezo huenda Nairobi au India. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500, na kutoka Mbeya ni zaidi ya 800. Safari hiyo haifanyiki kila mgonjwa anapotapika.

Mada hii haihusu namna ya kupasua. Inahusu swali tunaloulizwa kabla mgonjwa hajapanda basi: ipi inanifaa? Hoja yangu ni kwamba aina kuu mbili za upasuaji hazipishani sana kwa kilo zinazopungua. Zinapishana zaidi kwa matunzo zinayodai baadaye. Kwa hiyo tumsaidie mgonjwa kuchagua aina atakayoweza kuitunza mahali anapoishi.

2. Hali ilivyo na nani anastahili

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 36 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Utafiti huohuo uliiweka Iringa juu ya mikoa yote kwa udumavu: asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Ndiyo maana ofisa lishe wa Iringa asubuhi anashughulika na mtoto aliyedumaa, na mchana anampima mama mwenye kilo 110 na kisukari, pengine wa nyumba hiyohiyo.

Kipimo cha kuanzia ni BMI, yaani kilo zigawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Kwa mwanamke wa mita 1.60, BMI ya 35 ni takriban kilo 90, na ya 40 ni takriban kilo 102. Anayetaka kupunguza kilo nane kabla ya harusi hahitaji kisu.

3. Aina zilizopo

Puto. Si upasuaji. Huingizwa kwenye mfuko wa chakula, hujazwa maji au hewa, na baada ya miezi 6 hadi 12 huondolewa. Akiwa nalo mgonjwa hushiba mapema. Likitoka, asiyebadilisha ulaji hurudisha kilo. Linawafaa wasiofikia kiwango cha upasuaji, au wanaohitaji kupungua kwanza ili upasuaji uwe salama.

Kupunguza mfuko wa chakula. Daktari hukata na kuondoa kama robo tatu ya mfuko kwa upasuaji wa matundu madogo, na kinachobaki huwa chembamba mithili ya ndizi. Utumbo hauguswi. Homoni ya njaa inayotengenezwa kwenye sehemu iliyoondolewa hupungua sana. Ndiyo aina inayofanywa zaidi duniani kwa sasa. Kilichokatwa hakirudi.

Baipasi. Hutengenezwa kifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kuungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Iko pia baipasi ya kiungo kimoja, ambayo huchukua muda mfupi kuifanya lakini inaweza kurudisha nyongo kwenye mfuko wa chakula.

Pete ya kubana mfuko imeachwa na wengi kwa sababu ya matatizo yake na haja ya kuirekebisha mara kwa mara. Aina zinazokwepa sehemu ndefu zaidi ya utumbo hupunguza kilo kuliko zote, lakini huleta upungufu mkubwa wa virutubisho. Kwa mgonjwa anayeishi mbali na maabara kubwa, sizipendekezi.

Kwa wengi, basi, uamuzi unabaki kati ya kupunguza mfuko na baipasi. Nchini Ufini wagonjwa 240 waligawanywa kati ya aina hizo mbili. Baada ya miaka 10, waliopunguzwa mfuko walikuwa wameondoa karibu asilimia 44 ya uzito wa ziada, na wa baipasi karibu asilimia 52. Tofauti ipo, lakini peke yake haitoshi kuamua.

4. Maswali ya kumuuliza mgonjwa

4.1 Una kiungulia? Katika utafiti huohuo wa Ufini, michubuko ya umio ilionekana kwa asilimia 31 ya waliopunguzwa mfuko, dhidi ya asilimia 7 ya wa baipasi. Mwenye kiungulia kikali asielekezwe kupunguza mfuko bila kumulikwa tumbo kwa kamera. Akikutwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, atibiwe kabla ya safari.

4.2 Kisukari chako kikoje? Utafiti wa Norwei uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, karibu robo tatu ya wenye kisukari waliofanyiwa baipasi hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha ugonjwa, dhidi ya karibu nusu ya waliopunguzwa mfuko. Hapa baipasi ina nguvu, hasa kwa kisukari ambacho hakijakaa miaka mingi.

4.3 Unatumia dawa gani kila siku? Kwa mikoa yetu swali hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa VVU wa 2022/23 uliweka Njombe, Iringa na Mbeya juu nchini: asilimia 12.7, 11.1 na 9.6 ya watu wazima wana VVU. Wengi wao wanatumia TLD, dawa ya VVU yenye dolutegravir, dawa nzuri ambayo baadhi ya watumiaji huongezeka nayo uzito. Baipasi hubadilisha njia ambayo dawa hunyonywa. Tena, kalsiamu na madini ya chuma, ambavyo mgonjwa wa baipasi huhitaji maisha yote, huzuia dolutegravir kuingia mwilini vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu. Dawa inywewe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baadaye, ama vyote vinywewe pamoja na chakula. Kwa mtu wa kliniki ya VVU (CTC), kupunguza mfuko ni njia nyepesi zaidi kuitunza, na vyovyote atakavyochagua, wingi wa virusi upimwe mapema baada ya upasuaji.

Kundi la pili ni wenye maumivu ya magoti na mgongo wanaonunua diklofenaki kwenye duka la dawa muhimu. Baada ya baipasi, dawa hizo huchimba vidonda kwenye kiungo kipya. Sigara nayo ni hivyohivyo. Asiyeweza kuviacha asipewe baipasi.

4.4 Unakunywa? Baada ya baipasi pombe hupanda kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu, na baadhi ya wagonjwa huangukia ulevi ambao hawakuwa nao. Hata ulanzi mtamu usiochacha, kwa sukari yake, unaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara. Msimu wa ulanzi Iringa tunaujua, kwa hiyo tuulize bila haya.

4.5 Unatarajia kuzaa? Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vizuri baada ya baipasi, hivyo apewe kijiti, kitanzi au sindano kabla hajasafiri.

4.6 Unaishi wapi? Miaka kadhaa baada ya baipasi, utumbo unaweza kujinyonga ndani ya tumbo. Maumivu huja kwa mkupuo, makali, na yakichelewa kutibiwa utumbo hufa. Anayeishi Mbeya mjini atafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda siku hiyohiyo. Anayeishi Makete au ndani ya Chunya wakati wa masika hana uhakika huo. Tusimtishe, lakini alijue kabla ya kusaini.

5. Matunzo yatakayotuhusu sisi

Kwa aina zote mbili: vidonge vya vitamini kila siku maisha yote, na kipimo cha damu angalau mara moja kwa mwaka kuangalia wekundu wa damu, chuma na vitamini B12. Baipasi inadai zaidi. Protini ifike gramu 60 au zaidi kwa siku: maharage, dagaa, mayai na maziwa viliwe kwanza, ugali ufuate kama nafasi ipo. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo hesabu hii haifiki kwa chai na kitumbua.

Jambo moja naomba liandikwe ukutani kwenye idara ya wagonjwa wa nje (OPD): aliyefanyiwa upasuaji huu akija anatapika kwa siku kadhaa, apewe sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia inaweza kumharibia ubongo.

Kuna pia maneno ya watu. Katika mikoa hii mtu akikonda ghafla, mtaa humpa ugonjwa. Wapo wanaoacha kliniki kwa sababu hiyo. Mgonjwa apange mapema nani nyumbani ataambiwa ukweli, mume au mke akiwa wa kwanza, na ndiye aje naye kwenye ushauri.

6. Mapendekezo

Kwanza, kliniki itumie maswali haya sita kabla ya kuandika rufaa, na majibu yasafiri pamoja na mgonjwa.

Pili, mgonjwa arudi na maandishi yanayotaja aina kamili ya upasuaji aliofanyiwa. "Amefanyiwa wa tumbo" haimsaidii daktari wa zamu usiku Mafinga.

Tatu, kabla ya safari tuhakikishe vidonge na vipimo vya mwaka vinapatikana karibu naye, na kwamba ana fedha za kuvilipia. Fedha ya upasuaji ikipatikana na ya miaka inayofuata ikakosekana, ushauri wangu ni kupunguza mfuko badala ya baipasi, kama hana kiungulia kikali, au kuahirisha.

Nne, anayebaki bila upasuaji asiachwe. Kliniki iendelee naye kwa lishe, mazoezi na dawa za kisukari na presha kama kawaida, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wetu watabaki katika kundi hilo.