Zawadi za Vituo vya Mafuta: Nani Anazilipia, na Ni Haki ya Nani?

(Darsa ya fiqhi ya biashara iliyotolewa baada ya swala ya Isha, Nyahanga, Kahama)

  



Huenda mada ya usiku huu ikawashangaza baadhi yenu. Wapo watakaosema kwamba Waislamu wana mambo makubwa ya kuzungumza kuliko kadi ya kituo cha mafuta. Sisi tunasema kwamba fiqhi ya muamalati haikuteremshwa kwa ajili ya matajiri wa bandarini peke yao. Mji wetu wa Kahama unaishi kwa mafuta. Malori yanayotoka Isaka kwenda Rusumo na Kabanga yanapita hapa, vijana wetu wa bodaboda wanapeleka watu machimboni alfajiri na kuwarudisha magharibi, na makarasha ya wachimbaji wadogo hayasagi hata jiwe moja bila ya dizeli. Jambo linalogusa riziki ya nyumba nyingi namna hii halidogoshwi.

Swali lenyewe tuliletewa na kijana mmoja wa bodaboda, mwanafunzi wetu wa zamani. Alisema: "Ustadhi, kuna sheli mbili njiani kwangu. Moja inauza petroli kwa bei ya chini, nyingine imezidi shilingi 50 kwa lita lakini inatoa kadi. Kila lita ni pointi moja, na pointi 100 zinakupa fulana au chupa ya chai. Wenzangu wote wamehamia kwenye kadi. Je, kuna ubaya?" Tukaona kwamba ndani ya swali lake mna maswali mawili. La kwanza ni kama kuna faida, na la pili ni kama kuna halali. Tulianza na faida, kwani mtu asiyejua anatoa nini na anapokea nini hawezi kuulizia hukumu yake.

Tukakaa naye barazani tukahesabu. Yeye hutia lita 4 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, jumla lita 100. Shilingi 50 mara 100 ni shilingi 5,000. Tukamuuliza, fulana ile ingekuwa inauzwa sokoni angeitoa shilingi ngapi? Akacheka, akasema hata 2,000 asingetoa, maana ina jina la kituo mgongoni. Basi huyu ndugu yetu ananunua kwa 5,000 kitu ambacho mwenyewe hakithamini kwa 2,000, kisha anakitembeza mgongoni kutoka Nyahanga mpaka machimboni akiitangaza biashara ya mtu mwingine bila ujira. Na lau angeiweka tofauti ile kwenye kibubu kila mwezi, baada ya mwaka angekuwa na shilingi 60,000.

Hatusemi kwamba kila zawadi ni hadaa. Pale ambapo vituo viwili vinauza kwa bei moja, na kimoja kinampa mteja wake kitu cha ziada, basi asiyekwenda huko amejinyima. Vivyo hivyo, kama tofauti ni shilingi 10 kwa lita, na baada ya lita 100 mtu anapewa lita moja ya oili ambayo angeinunua kwa vyovyote, hiyo ni biashara nzuri, maana ametoa shilingi 1,000 akapokea kitu cha thamani zaidi anachokihitaji. Kwa hiyo mizani ni hii: tofauti ya bei kwa lita, mara idadi ya lita, ilinganishwe na bei ambayo wewe mwenyewe ungekubali kuilipa kwa kile unachopewa. Thamani iliyoandikwa kwenye tangazo isikushughulishe.

Ni vyema pia tujue bei hizi zinatoka wapi. Tangu mwaka 2009, EWURA hutangaza bei ya kikomo ya mafuta, na hivi sasa hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kila mji una kikomo chake, na cha Kahama huwa juu ya kile cha Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kuyasafirisha mafuta kutoka bandarini. (Wapo vijana wanaotuuliza kama kikomo hiki hakipingani na hadithi ya Anas (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapangia watu bei pale Madina. Waisome risala ya Ibn Taymiyya juu ya hisba, humo ameeleza ni wakati gani kupanga bei ni dhulma na ni wakati gani ni uadilifu.) Lakini wengi hudhani kikomo ndicho bei. Sivyo. Kikomo ni dari, na muuzaji anaruhusiwa kuuza chini yake kadiri awezavyo. Tena matangazo ya EWURA yenyewe huelekeza kwamba kila kituo kiweke ubao wa bei unaoonekana, na ubao huo uoneshe bei, punguzo na vivutio vyovyote vinavyotolewa.

Hapo ndipo ilipo siri ya zawadi. Muuzaji ana nafasi kati ya gharama zake na dari. Mmoja huitumia nafasi hiyo kwa kushusha bei, na mwingine hubaki darini, akachukua sehemu ya nafasi ile akakununulia fulana. Zawadi haikutoka mfukoni mwake, imetoka kwenye punguzo ambalo ungelipata. Na punguzo linamfikia kila anayetia mafuta, hata mpita njia wa lita moja, ilhali zawadi inamfikia yule tu aliyefikisha pointi 100. Yule mwenye pointi 80 aliyepoteza kadi, au aliyeambiwa kwamba mwaka umekwisha na pointi zimefutwa, amelipia fulana ya mwenzake.

Wenye biashara wenyewe wanalijua hili. Kule Uingereza, duka kubwa la Tesco liliingia mwaka 1963 katika mpango wa stempu za Green Shield, ambazo mteja alizibandika kwenye kijitabu mpaka zikatosha kupewa bidhaa. Vituo vya mafuta vya huko navyo vilizigawa stempu hizo kwa wingi. Mwaka 1977 Tesco wakaziacha, wakazielekeza fedha za stempu kwenye kushusha bei, na wateja wakaongezeka. Watu walipopewa bei ya chini waziwazi, hawakulilia vijitabu.

Sasa tuje kwenye hukumu. Asili katika biashara ni halali, kwa sharti la kuridhiana kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 29, na iepukane na riba, udanganyifu, gharari na kamari. Zawadi inayojulikana, inayomfikia kila aliyetimiza kiwango, ambayo bei haikupandishwa kwa ajili yake, wanavyuoni wengi wa zama zetu wameiruhusu, kwani inafanana na muuzaji kupunguza sehemu ya thamani au kutoa hiba. Sheikh Muhammad bin Swaleh al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alipoulizwa juu ya zawadi za madukani aliweka masharti mawili: bei iwe ile ile ya kweli ya bidhaa, na mnunuzi awe ameihitaji bidhaa yenyewe, asiinunue kwa kuifukuzia zawadi. Angalieni, ndugu zetu, namna masharti haya yanavyokutana na hesabu tuliyoifanya barazani.

Ama droo, yaani "jaza lita kadhaa upate kuponi, huenda ukashinda pikipiki", hiyo ni mlango mwingine. Ikiwa bei imepandishwa kwa ajili yake, basi kila mteja ametoa fedha akiwa baina ya kupata na kukosa, na hiyo ndiyo maysiri iliyoharamishwa katika Suratul Maidah aya ya 90. Ikiwa bei haikupandishwa wamekhitalifiana, na Sheikh Abdulaziz bin Baz alikuwa mkali, akizihesabu zawadi za namna hiyo kuwa ni kamari. Hapa kwetu, droo za biashara ziko chini ya usimamizi wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003. Ikiwa sheria ya nchi imeliweka jambo kwenye kabati la kubahatisha, Muislamu ana haja gani ya kulitafutia jina jingine? Sisi tunasema aliepuke.

Lakini jambo lililotunyima usingizi wiki hii ni jingine. Wengi wanaobeba kadi hizi hawatii mafuta kwa fedha zao. Dereva wa lori anatia lita 400 kwa fedha za tajiri. Kijana anatumwa kununua dizeli ya karasha la kundi zima. Mwenye fedha yuko mbali, kadi iko kwa aliyetumwa, na kituo kinalijua hilo vizuri kabisa. Dereva akiacha kituo cha bei nafuu akatafuta chenye kadi, kwa tofauti ya shilingi 30 tu, tajiri amepoteza shilingi 12,000 katika kujaza mara moja ili dereva apate kofia. Zawadi ya namna hii, ndugu zetu, inatofautiana kwa umbali gani na rushwa?

Katika Sahihi mbili, kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi (r.a.), imo habari ya mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi akagawa alichokuja nacho mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama angezawadiwa. Na kinyume chake, katika Sahihi ya Bukhari, Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa dinari moja akanunue mbuzi. Kwa ustadi wake akapata wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Hakuificha ile dinari kwa hoja kwamba ni jasho la ustadi wake, na Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake. Ndiyo maana mafaqihi wamesema punguzo analopewa wakala ni mali ya aliyemtuma. Dereva akiajiriwa na akaambiwa wazi kwamba pointi ni zake, hapo hakuna tatizo. Idhini hutangulia lakini.

Na sisi tunaowasomea hadithi hizi hatukuwa salama. Madrasa yetu ina jenereta, na mafuta yake hununuliwa kwa michango ya wazazi. Aliyekuwa akitumwa ni sisi. Kadi ilikuwa kwa namba yetu ya simu, pointi zilipotimia 100 tukachukua chupa ya chai, na chupa ile ikakaa nyumbani kwetu miezi minane watoto wakinywea chai. Tulikuwa tukiandaa darsa hii, kitabu kiko mbele yetu kwenye habari ya yule mkusanya zaka, mama watoto akaleta chai kutoka kwenye chupa hiyo hiyo. Hatukuinywa.

Chupa tumeirudisha kwenye kamati, na sasa iko katika chumba cha walimu. Ikabaki tofauti ya bei. Kituo kile kilikuwa juu kwa shilingi 50, hivyo kwa lita 100 wazazi walilipa shilingi 5,000 zaidi. Mafaqihi wamesamehe upungufu mdogo ambao wakala hakosi kuupata sokoni, na mweka hazina wetu alitukumbusha hilo kwa upole. Tukamjibu kwamba msamaha ule ni wa aliyekosea katika kutafuta, na sisi hatukukosea. Ubao wa bei wa kituo cha pili tulikuwa tunauona. Tumelipa, na risiti za mafuta sasa zinawekwa kwenye faili la kamati, zikionesha jina la kituo, lita na bei ya lita moja.

Mwaka 2022 ni kielelezo tosha cha uzito wa senti hizi. Mwezi Agosti kikomo cha petroli Dar es Salaam kilifika shilingi 3,410 kwa lita, hata baada ya Serikali kuanza kutoa ruzuku mwezi Juni kwa shilingi bilioni 100. Siku zile mtu alikuwa akihesabu kila shilingi kwenye ubao. Tusingoje bei ipande ndipo tuusome ubao.

Na kabla hujasoma bei, itazame stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia wanaopunja vipimo, na lita isiyotimia hailipwi na fulana.

Baada ya darsa hii ndugu mmoja, dereva wa lori, alisubiri mpaka watu wakapungua, kisha akauliza afanye nini na zawadi za miaka mitatu, naye tajiri wake yuko mbali na hajui kwamba kuna kadi. Tulimwambia amweleze, kwani mwenye haki anaweza kusamehe lakini hawezi kusamehe asichokijua. Akampigia simu pale pale kwenye ngazi za msikiti. Tajiri akanyamaza kitambo, akauliza tofauti ya bei ilikuwa ni kiasi gani. Kisha akamwambia kofia na fulana abaki nazo, ila kuanzia safari ile awe anamtumia picha ya ubao wa bei kabla hajatia mafuta.