Kruzi Ikigoma, Anza na Breki

Msikilizaji, umetoka Msamvu kuelekea Dodoma, barabara imenyooka, unabonyeza kitufe cha kruzi kontroli ili gari lishike mwendo lenyewe, lakini halishiki. Kama uko chini ya kilomita 40 kwa saa, magari mengi ndivyo yalivyo. Kama umeuvuka mwendo huo, usikimbilie kununua kontroli boksi. Mwambie mwenzako asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga breki. Taa za breki zisipowaka, au zikiendelea kuwaka ukiachia, ishuku swichi ndogo iliyo juu ya pedeli: kruzi haikubali kushika ikidhani unafunga breki. Fyuzi nayo itazamwe.

Taa zikiwa sawa, fundi umeme asome hitilafu kwa mashine. Sensa ya gurudumu ikiharibika, mfumo hujizima. Honi na vitufe vya usukani vikifa pamoja, tatizo huenda ni utepe wa waya ndani ya usukani. Hapo usichokonoe mwenyewe, kuna eabegi. Fundi achomoe betri kwanza.

Kruzi ikishapona, izime kwenye kona za Uluguru, kwenye mvua, na ukipita hifadhi ya Mikumi, ambako wanyama wanavuka barabara.