Graça Machel na Bunduki ya Bei ya Mbuzi

Wake wa marais tumezoea kuwaona wakikata utepe kwenye wodi ya wazazi na kupiga picha na yatima. Leo tumtazame wa aina nyingine, Graça Machel wa Msumbiji.

Kabla ya kuolewa na Rais Samora Machel mwaka 1975, alikuwa mpiganaji wa chama cha ukombozi cha FRELIMO na aliwahi kufanya kazi katika shule ya chama hicho hapa kwetu Tanzania, Bagamoyo. Msumbiji ilipopata uhuru akawa waziri wa elimu hadi 1989, huku waasi wa RENAMO wakichoma shule. Mumewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1986.

Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa ukampa kazi ya kuchunguza vita vinawafanya nini watoto. Akafunga safari: Angola, Kambodia, Sierra Leone, Rwanda, hadi kambi za wakimbizi Tanzania. Ripoti yake ya 1996 haina machozi mengi, ina bei. Kaskazini mwa Kenya, inasema, bunduki ya AK-47 wakati huo ilinunuliwa kwa bei ya mbuzi. Nchini Uganda ilipatikana kwa bei ya kuku! Tena ni silaha nyepesi, mtoto wa miaka 10 anaweza kuifungua vipande na kuiunga upya. Ukishasikia hayo, huulizi tena kwa nini wababe wa vita wanawachukua watoto.

Ripoti haikuvipenda sana vituo vya yatima. Mtoto akipotezana na wazazi vitani, ilishauri, atafutiwe kwanza ndugu zake. Akikosekana ndugu, apate familia ya kumlea katika jamii yake, na watoto wa tumbo moja wasitenganishwe. Kwangu mimi hapo anasema mwalimu, wala si mke wa rais.

Kutokana na kazi hiyo, Umoja wa Mataifa ukaunda ofisi ya watoto na vita, na mwaka 1997 Olara Otunnu wa Uganda akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 2000 ikapitishwa itifaki inayokataza kumwandikisha jeshini kwa lazima aliye chini ya miaka 18. Zamani mkataba wa haki za mtoto uliishia miaka 15. Ila mwanya ulibaki: serikali bado inaruhusiwa kumpokea jeshini kijana wa miaka 16, mradi amejitolea mwenyewe. Makundi ya waasi hayakupewa ruhusa hiyo.