Lori Likikataa Kuwaka, Tuulize Kwanza

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tuliombwa tuzungumze juu ya kutunza mali ya kikundi. Tumechagua lori, maana vikundi vingi vilichanga vikanunua lori kuukuu la dizeli la kubeba mahindi na mchanga, na sasa mengine yamelala chini ya mti.

Sisi si mafundi. Haya tulifunzwa na lori la kikundi kimoja tunachokitembelea. Kila asubuhi lilikataa kuwaka. Vijana wanalisukuma, linakohoa, linatetemeka, halafu linatulia na kufanya kazi vizuri mchana kutwa. Fundi alipoitwa alisema pampu ya dizeli imekufa, inunuliwe nyingine. Kila mwanachama akaambiwa atoe mchango. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba dereva anafyonza dizeli usiku. Kikundi kilikaribia kuvunjika.

Jamani, kabla ya kutoa pesa tuulize: Je, linasumbua likiwa baridi ama likiwa moto? Shida ilianza ghafula au polepole? Moshi una rangi gani? Kisha tuanze na kitu cha bei rahisi, tukienda kwa cha bei ghali.

Kwanza, betri. Injini ya dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyokandamizwa. Stata ikizungusha polepole, joto halitoshi. Safisheni vichwa vya betri na mkaze nyaya, pamoja na ule waya unaofungwa kwenye chesisi.

Pili, dizeli. Tangi lina kitu? Filta ilibadilishwa lini? Fungueni nati ya chini ya filta mtoe maji. Lori likilala na tangi karibu tupu, unyevu hugeuka maji humo ndani. Afadhali lijazwe jioni.

Tatu, hewa kwenye dizeli. Legezeni skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, mpige pampu ndogo ya mkono. Mapovu yakitoka, hewa imeingia. Endeleeni mpaka dizeli itoke bila povu, kisha mkaze. Lakini kesho mapovu yakirudi, basi kuna tundu mahali, na ni lazima litafutwe.

Nne, moshi. Mweusi: hewa ni haba au nozeli ni chafu, angalieni filta ya hewa kwanza. Mweupe unaokawia kuisha: dizeli haichomeki vizuri. Mweupe na maji ya radieta yanapungua: pengine gasketi ya hedi imeungua. Wa buluu: injini inakula oili.

Tano, injini ikitetemeka hata ikiwa moto, fundi huilegeza kidogo nati ya paipu ya kila nozeli, moja moja, injini ikiwa inanguruma taratibu. Mlio usipobadilika, silinda hiyo ndiyo mvivu. Kazi hii mwachieni fundi. Dizeli hutoka hapo kwa nguvu ya kutoboa ngozi, na jeraha lake, hata likiwa dogo kama la sindano, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Wala msimwage petroli kwenye njia ya hewa ili liwake. Laweza kuvunja pistoni au kumchoma mtu.

Sasa lile lori letu lilikuwa na nini? Asubuhi moja tulisimama na dereva na fundi mwingine. Mapovu tele! Mpira unaotoka tangini ulikuwa umepasuka chini ya klipu, mahali pasipoonekana. Usiku dizeli ilirudi tangini na hewa ikaingia. Mpira ukakatwa mwingine, klipu mbili zikakazwa, na kesho yake lori liliwaka mara moja. Pampu ilikuwa nzima.

Mchango ulirudishwa. Lakini jina la dereva lilikuwa limeshachafuliwa, na hilo halina spea. Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya mkutano, akafanya vyema.

Siku hizi dereva huyo ana daftari ndani ya lori: tarehe, dizeli, oili, filta, na jinsi lilivyowaka. Fundi akija, hupewa daftari kwanza.



Ya kujadiliana kikundini:
1. Nani kati yetu anajua filta ilibadilishwa lini?
2. Kabla ya kununua spea ya bei kubwa, tunauliza mafundi wangapi?
3. Je, kuna mtu tuliyemlaumu kabla ya kuchunguza?