Mzigo Unaobebeka: Je, Hema Ghali Lina Faida Kuliko Turubai la Bei Nafuu?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama, wazee na vijana, Katito)

   Tunajua leo ni siku ya soko na wengine mmewaachia majirani nyanya na omena zenu, kwa hiyo hatutawaweka sana.

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo lililotuletea maneno mengi katika kamati. Jambo lenyewe ni hema. Mtakumbuka wale wageni waliopita hapa na baiskeli wakielekea Kendu Bay, wakaomba kulala nyuma ya kanisa. Jioni mmoja alitoa kifurushi kwenye mkoba, ukubwa wake kama mkate mmoja, akakikunjua, na kabla ya chai kuchemka hema lilikuwa limesimama. Tuliliinua kwa mkono mmoja. Walituambia uzito wake ni kilo moja na nusu. Tulipouliza bei walisita kidogo, kisha wakasema dola 500 za Marekani. Kwa hesabu ya siku hizi hizo ni shilingi 65,000 hivi. Mzee mmoja akasema, "Kumbe hiyo ni ng'ombe amekunjwa akatiwa ndani ya soksi!" Tukacheka sote.

Wiki iliyofuata vijana walikuja kwenye mkutano na pendekezo. Walitaka zile pesa tulizochanga kwa ajili ya mafuriko zinunue mahema ya namna ile, hata kama ni machache. Wazee walicheka tena. Na sisi wa ofisi ya maendeleo tulicheka pamoja nao. Leo tumekuja kusema kwamba tulicheka mapema mno.

Tuone kwanza

Hapa kwetu kulala nje si mchezo wa likizo. Wazee mnakumbuka maji ya 1961 na 1962. Wengi wetu tunakumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata kile kimo cha 1964, na watu wa ukingoni wakahama. Halafu mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika Kenya nzima, na wenzetu wa upande wa Kusa, na wa Kano kule Ahero na Kakola, wakalala mashuleni, makanisani na kando ya barabara. Mto Nyando unashuka kutoka milima ya Nandi, Sondu-Miriu unashuka kutoka upande wa Kericho, na yote miwili inatua katika tambarare hii yetu. Mvua ikinyesha huko juu, sisi tunaamshwa usiku na maji ambayo hatukuyaona yakija.

Basi swali la wale wageni ni swali letu pia. Tofauti ni kwamba wao huchagua siku ya kuondoka, na sisi huchaguliwa.

Tuwaambie mambo mawili tuliyoyaona kwa macho yetu 2024.

La kwanza ni kosa letu wenyewe. Tulikuwa na pesa kidogo na nyumba nyingi. Tukafikiri, afadhali kila nyumba ipate kitu. Tukanunua nailoni nyembamba ya kukatwa kwa mita, ile ya bei ya chini kabisa. Siku ya kugawa kila mtu alifurahi. Usiku wa tatu upepo ulitoka ziwani. Nailoni ilianza kupasuka pale ilipofungwa kamba, na mpasuko ukatembea hadi upande wa pili. Asubuhi tuliwakuta watu wakifunga matambara. Mtoto mchanga wa siku chache alipelekwa hospitali na ugonjwa wa kifua. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini tulinunua tena, mara ya pili, kwa pesa ambazo zilikuwa za unga. Wahenga walisema rahisi ghali. Sisi tulilipa ndipo tukaamini.

La pili ni habari ya dani mmoja. Mwanawe, ambaye ni turnboi wa lori, alikuwa amemletea turubai kuukuu la lori, lile la kitambaa kizito. Ni kitu imara, kingeweza kudumu miaka. Maji yalipoingia usiku, dani alikuwa na mjukuu mgongoni, sufuria mkononi, na mbegu zake za mahindi kichwani. Turubai lilikuwa limelowa tayari. Alijaribu kuliinua akashindwa. Akaliacha. Mlima mzima wa kitambaa kizuri ulibaki ndani ya maji, na mwenyewe akalala chini ya ile nailoni yetu mbovu.

Mnaona hapo? Sisi tulinunua kitu chepesi ambacho hakikuwa na nguvu. Dani alikuwa na kitu chenye nguvu ambacho hakikubebeka. Na vijana, ambao tuliwacheka, walikuwa wanasema jambo moja la kweli: uzito nao ni gharama, tena ni gharama anayelipa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Tupime sasa

Katika kamati tulikaa tukajiuliza maswali manne. Tunawaachia mkayatumie kila mnaponunua kitu cha namna hii.

Swali la kwanza: Nani anabeba, na mpaka wapi? Yule mgeni wa baiskeli hubeba hema lake kila siku, labda miezi miwili. Kila kilo anayoipunguza anaipata kwa miguu yake kila mlima. Kwake yeye pesa ile si upuuzi. Sisi tunabeba mara moja, mwendo mfupi, lakini ndani ya maji na gizani, na mtoto mgongoni. Mama anayebeba mtungi wa lita 20 anabeba kilo 20, hilo tunalijua. Lakini hiyo ni mchana, njia ikiwa kavu. Sisi tunasema mzigo wa usiku wa mafuriko, vyote pamoja, usifike nusu ya mtungi.

Swali la pili: Watalala wangapi, na usiku ngapi? Hema la wageni lililala watu wawili, bega kwa bega, na hawakuweza kusimama ndani yake. Mashirika ya misaada duniani yana kipimo kinachoitwa Sphere, na hicho kinasema mtu mmoja apate angalau mita za mraba 3 na nusu chini ya paa. Watu watano wahitaji zaidi ya mita 17. Kwa hiyo familia moja ingehitaji mahema matano au sita ya namna ile, na bado nyanya mgonjwa asingeweza kuinuka kubadilisha nguo. Nasi hatukai usiku mmoja. 2024 wengine walikaa wiki nyingi.

Swali la tatu: Jua litakifanya nini? Vitambaa vyepesi vya nailoni huliwa na jua. Mgeni hulikunja hema lake asubuhi, kwa hiyo jua halilikuti. Letu lingesimama mchana kutwa, hapa karibu na mstari wa Ikweta, na baada ya miezi kadhaa kitambaa kingekuwa dhaifu. Tena ukilikunja likiwa bichi ukaliweka ghalani kwenye joto, ule utando wa ndani unaozuia maji huanza kunata na kubanduka.

Swali la nne: Likichanika, nani atalishona? Vyuma vya hema lile ni vyembamba kama majani ya mtama. Kikivunjika kimoja, hapa Katito hakuna duka utakalokipata. Vigingi vyake ni vifupi kama kidole, na nyinyi mnajua udongo wetu mweusi ukilowa. Unashika kigingi kifupi kama uji unavyoshika kijiko. Hapa kigingi ni cha mti, urefu wa mkono kutoka kiwiko.

Kijana mmoja alisimama akatuuliza, "Kwa hiyo mnasema kizuri ni cha wageni, na maskini apewe kizito?" Tulinyamaza kidogo, maana swali lilikuwa la haki. Jibu letu ni hapana. Tunasema kati ya ile nailoni ya mita na lile hema la ng'ombe kuna kitu cha tatu.

Kitu hicho mmekiona. Ni turubai la plastiki lililofumwa na kupakwa utando pande zote mbili, lile ambalo mashirika ya Msalaba Mwekundu na la wakimbizi la Umoja wa Mataifa huligawa. Kipimo chake ni mita 4 kwa 6. Uzito ni gramu 200 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo lote huwa kilo 5 hivi, yaani zaidi kidogo ya gorogoro mbili za mahindi. Turubai la kitambaa la ukubwa huohuo huweza kufika kilo 12 likiwa kavu, na likilowa usiulize. Hili la plastiki halinywi maji. Limetiwa dawa ya kustahimili jua, lina ukingo imara wa kufungia kamba, na likichanika mama yeyote mwenye sindano ya magunia atalishona. Fito mbili na mwamba mmoja, na familia ina paa.

Lakini tuseme ukweli: kilo 5 ni nusu ya mzigo wetu wote, na kwa dani bado ni nyingi. Hata mahema makubwa ya familia ya mashirika hayo, yenye mita za mraba 16, huwa na uzito wa kilo zaidi ya 50. Hakuna familia inayokimbia nayo. Huja kwa gari. Hapo ndipo tulipopata mwanga: kitu kizito kitangulie kufika.

Tutende

Kamati imekubaliana hivi, na tunawaletea nyinyi mkubali au mkatae.

Mzigo wa ghala. Maturubai ya 4 kwa 6, kamba, vigingi vya miti na majembe mawili ya kuchimba mifereji, vyote vipelekwe Februari, barabara ikiwa kavu, kwenye ghala la kanisa na shule zilizo juu. Hapa ndipo sehemu kubwa ya pesa itakwenda, na hapa tusitafute bei ya chini kabisa.

Mzigo wa nyumba. Huu ndio wa kubeba, na hapa wepesi ndio unaolipiwa. Vitambulisho, kadi za kliniki, vyeti vya shule na dawa za kila siku viwe ndani ya mfuko usioingiza maji unaofungwa barabara. Chandarua chenye dawa, ambacho hakifiki kilo moja. Msiache nyuma, maana baada ya maji huja mbu. Tochi, shuka moja zito, kiberiti ndani ya chupa kavu. Kijana mmoja wa boma apewe kazi ya kuushika mzigo huo, na ajulikane.

Mzigo wa wanaojitolea. Vijana wetu wanaoingia vijijini kwa miguu na kwa mtumbwi kutafuta wazee, hao hulala popote usiku ukiwakuta. Wanafanana na wale wageni wa baiskeli. Kwa ajili yao tunakubali kununua mahema mawili mepesi ya bei ya kati, ya kilo tatu hivi, yenye nafasi ya watu watatu. Hapa vijana mmeshinda.

Na la chini? Wageni walikuwa na godoro la kupulizwa la bei kubwa. Mwili hupoteza joto ardhini, hilo ni kweli, kwa hiyo cha kulalia si anasa. Lakini sisi tuna jamvi la togo. Mafunjo ya kinamasi cha Kusa yana hewa ndani yake, ni mepesi, na mama anayeyasuka ni jirani yako. Weka majani makavu chini, nailoni juu yake, kisha jamvi. Ile nailoni ya mita, jamani, kazi yake ni hiyo. Haifai kuwa paa, lakini sakafuni inatosha.

Mkienda kununua turubai, msinunue kwa rangi. Liinueni juani mkitazama kama lina vitundu. Vuteni kwa nguvu pale pa kufungia kamba. Sugueni pembe moja kwa vidole muone kama utando unatoka. Mwageni maji katikati mngoje. Halafu mlipime kwenye mizani ya mashine ya kusaga. Mwenye duka akikataa, nendeni la pili.

Tunamaliza. Dani yule yuko hai, na mbegu zake alizipanda. Tulipomwonyesha lile turubai la kilo 5, alilitia kichwani, akatembea nalo hadi mlangoni, akarudi. Akasema, "Hili naweza, mtoto akibebwa na mwingine." Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya duka. Ni ya kukubaliana nani atambeba yule mtoto.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika boma lako, maji yakija usiku, nani atabeba nini? Je, mmewahi kujaribu?

2. Ni nyumba zipi jirani zenye mzee, mgonjwa au mama mjamzito asiyeweza kubeba kitu? Nani atakwenda kwake kwanza?

3. Mmewahi kununua kitu cha bei ya chini kikawagharimu mara mbili? Mlijifunza nini?

4. Ghala letu liko wapi, na funguo ziko kwa nani saa nane za usiku?

Leteni majibu mkutano ujao.