Mbegu ya Sara

Juma lililopita niliitwa kwenye kikao cha ukoo. Kijana wetu ameoa mwaka wa nne sasa, mtoto hajapatikana. Shangazi yetu mmoja akatoa hukumu: mbegu haina kosa, shamba ndilo bovu. Mke wa kijana aliinamisha kichwa. Mume kupimwa, hakuna aliyelitaja.

Maneno hayo ya shamba ni ya kale kuliko ukoo wetu. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mwanamume peke yake ndiye mwenye mbegu. Mwanamke hutoa damu tu, nayo mbegu huigandisha kama maziwa yanavyogandishwa kuwa jibini. Lakini wakale hawakuwa na kauli moja. Maandishi ya uganga yanayobeba jina la Hippocrates yanasema mwanamke naye anayo mbegu, na mtoto hutokana na kuchanganyika kwa zote mbili. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2 baada ya Kristo, aliitetea mbegu ya mwanamke katika kitabu kizima, ingawa (wanaume ni wanaume!) alisisitiza kuwa ni dhaifu kuliko ya mume.

Sasa fungua Waebrania 11, mstari wa 11. Katika Biblia yetu ya Union tunasoma kwamba Sara alipokea uwezo wa kupata mimba. Kigiriki chenyewe kina neno zito zaidi: uwezo wa kutoa mbegu, msemo ambao kwa kawaida ulitumika kwa mwanamume. Hapo wafasiri wamehangaika kweli kweli. Wengine wamelainisha maneno. Wengine wamemhamisha Sara na kumfanya Abrahamu ndiye anayezungumziwa. Wapo pia wataalamu wanaosema mwacheni Sara mahali pake, kwa kuwa msomaji wa siku zile aliyezijua mbegu mbili hakuona ajabu. Ubishi haujaisha, ila mimi nimekaa upande wa hao wa mwisho.

Yai la mnyama anyonyeshaye lilikuja kuonekana kwa hadubini mwaka 1827, na aliyeliona ni Karl Ernst von Baer.

Nilimweleza shangazi yote hayo. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama Abrahamu alipimwa. Nikamwambia, wetu atapimwa. Kijana na mkewe wanakwenda hospitali Jumanne, wote wawili.